Amri za seva ziandikwe wapi ili tovuti isijikokote?

TOVUTI inapojikokota, wasimamizi wengi hukimbilia kununua tarakilishi yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, huenda sehemu ya mzigo inatokana na mahali zilipoandikwa amri zinazoiongoza seva.

Seva ya Apache, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1995 na ambayo ingali inatumika kote ulimwenguni, hupokea amri kwa njia mbili. Kuna faili kuu ya mipangilio, ambayo katika mifumo mingi huitwa httpd.conf au apache2.conf. Kuna pia faili ndogo iitwayo .htaccess, inayoweza kuwekwa katika kabrasha lolote la tovuti.

Faili kuu husomwa seva inapowashwa, basi. Ile ndogo hutafutwa na kusomwa upya kila mara msomaji anapoomba ukurasa au picha. Tuseme picha imo katika kabrasha la /var/www/html/habari/michezo, na ruhusa ya kutumia .htaccess imetolewa kuanzia /var/www. Kabla ya kuitoa picha hiyo, seva itabisha hodi katika makabrasha manne, hata kama hamna faili yoyote humo. Ukurasa wenye picha 50 za aina hiyo utaifanya ibishe hodi mara 200, kwa msomaji mmoja tu. Amri za RewriteRule zilizomo nazo hufasiriwa upya kila zinapohitajika.

Aliye na mamlaka juu ya seva anafaa kuzihamishia amri hizo katika faili kuu, ndani ya sehemu ya Directory inayotaja kabrasha husika, kisha aandike AllowOverride None. Tangu toleo la 2.4 la mwaka wa 2012, hiyo ndiyo hali ya kawaida pasipoandikwa lolote. Ajabu ni kwamba miongozo mingi ya programu za tovuti bado humwelekeza mtumiaji aandike All.

Utaratibu huo una hatari yake. Baadhi ya faili za .htaccess ndizo zinazodai nywila kabla ya mgeni kufungua kabrasha, tuseme lenye orodha ya mishahara. AllowOverride None ikitangulia kabla ya amri hizo kuhamishwa, seva itazipuuza bila kutoa onyo, na kabrasha litabaki wazi kwa yeyote. Sharti kila faili ya aina hiyo isakwe kwanza, amri zihamishwe, na mipangilio ikaguliwe kwa apachectl configtest kabla ya seva kuwashwa upya. Kisha mtu ajaribu kulifungua kabrasha hilo bila nywila.

Anayekodi nafasi katika seva ya wengi hana la kuchagua, kwa sababu faili kuu haiko mikononi mwake; .htaccess ilibuniwa kwa ajili yake. Nayo tovuti yenye wageni wachache kwa siku haitahisi tofauti yoyote. Msimamizi wake heri aanze kwa kupunguza ukubwa wa picha.