Sura ya Nne: Tuta, Maji na Hewa

Mboga ikinyauka wakati wa kiangazi, kila mtu anajua ni kiu. Inayowachanganya wengi ni ile inayonyauka katikati ya masika, maji yakiwa yametuama bustanini. Majani ya chini yanageuka njano, shina linalegea adhuhuri, na ukiung'oa mche mizizi inatoka ya kahawia, laini, yenye harufu ya mtaro. Mche huo umekosa hewa. Mizizi hupumua: inahitaji oksijeni ili ipate nguvu ya kuvuta maji na virutubisho, na oksijeni hiyo hukaa katika vitundu vidogo vilivyo kati ya chembe za udongo. Vitundu vikijaa maji siku kadhaa mfululizo, mizizi inakabwa, inaacha kufanya kazi, na ukungu wa kuozesha unaingia. Ndipo unapoona ajabu ya mmea unaokufa kwa kiu huku umesimama kwenye maji.

Sura hii inahusu dawa ya zamani ya shida hiyo: kuipandisha mizizi juu ya maji. Kabla ya kufikiria mbao na misumari, nataka msomaji alielewe tuta kuwa ni chombo cha kupanga maji na hewa. Anayelielewa hivyo atalijenga kwa kitu chochote alicho nacho, na atajua pia mahali ambapo hapaswi kulijenga.

Siku hizi tuta lililoinuliwa huonekana kwenye picha za nyumba za kifahari, na wapo wanaodhani ni mtindo wa kigeni. Waende Mbinga, mkoani Ruvuma, wakaone ngoro za Wamatengo. Nyasi zilizofyekwa hupangwa ardhini kwa mistari inayokatana hadi mteremko mzima uwe wa miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kurushwa juu ya zile nyasi. Kinachobaki ni shimo lililozungukwa na tuta pande zote nne. Mvua kubwa ikinyesha, maji huingia mashimoni yakatulia badala ya kuuporomosha udongo bondeni, na maharage hustawi juu ya tuta, penye hewa, yakilishwa na nyasi zinazooza chini yake. Katika mfumo huo mmoja mna tuta, mboji na hifadhi ya mlima. Ufipa nako wakulima wamekuwa wakifunika nyasi kwa udongo katika vilima vidogo vya mviringo, nyasi zikioza humo humo hadi ziwe mbolea.

Mkondo mwingine ulianzia kwa wakulima wa mboga waliozunguka jiji la Paris katika karne ya 19, waliotegemea samadi ya farasi. Mwingereza Alan Chadwick aliyapeleka maarifa hayo California miaka ya 1960, John Jeavons akayaandikia kitabu mwaka 1974, na kuanzia 1984 Kituo cha Kilimo cha Manor House, karibu na Kitale, kikawa kinayafundisha Kenya: chimba kina cha beleshi mbili, changanya mboji, panda kwa kubananisha, na usikanyage tena udongo uliokwisha kuulegeza. Hilo la mwisho watu hulipuuza, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Mguu wa mtu mzima kwenye udongo wenye unyevu hufunga kwa hatua moja vitundu ambavyo minyoo na mizizi vilihangaika msimu mzima kuvifungua.

Sasa tuje kwenye kimo, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala. Itadondosha matone machache, halafu itatulia. Isimamishe wima na maji yataanza kudondoka upya. Sponji ni ile ile na maji ni yale yale, kilichobadilika ni kimo tu. Udongo nao uko hivyo. Maji huvutwa chini na uzito wake, lakini vitundu vidogo huyang'ang'ania, kwa hiyo sehemu ya chini ya tuta hubaki imeshiba hata mvua ikiisha kukatika. Unene wa tabaka hilo lililoshiba hutegemea aina ya udongo. Katika tuta fupi tabaka hilo hufika kwenye mizizi. Katika tuta refu hubaki chini, na juu yake mizizi inapata nafasi ya kupumua.

Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini kumwaga kokoto chini ya tuta ili maji yapite hakusaidii. Ushauri huo umeenea sana, na mafundi wengi huutoa kwa nia njema. Lakini maji yaliyoshikwa na vitundu vidogo vya udongo hayashuki kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kokoto hulinyanyua tabaka la maji likasogea kwenye mizizi, na zinakula kimo ulichokitolea jasho. Badala yake, lifungue tuta chini. Toa nyasi, legeza ardhi ya mahali hapo kwa jembe la uma kina cha sentimita 20 au 30, kisha jaza udongo wako juu yake, ule wa juu na wa chini ushikane.

Kwa mboga za majani kimo cha sentimita 20 kinatosha, ikiwa ardhi ya chini imelegezwa. Nyanya, bilinganya na karoti zinataka 30 na zaidi. Upana usizidi sentimita 120 kama unalifikia tuta pande zote mbili, au 60 kama limeegemea ukuta, ili mkono ufike katikati bila mguu kupanda. Urefu ni hiari yako, ingawa tuta linalozidi mita 4 au 5 humshawishi mtu kuliruka badala ya kulizunguka.

Piga hesabu ya udongo kabla hujaita gari. Tuta la mita 3 kwa mita 1.2, lenye kimo cha sentimita 30, linahitaji ndoo 54 za lita 20. Kipimo ninachokipenda ni ndoo mbili za udongo wa juu kwa ndoo moja ya mboji au samadi iliyooza, yaani ndoo 36 kwa 18. Weka na akiba kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo hushuka baada ya mvua za kwanza.

Udongo mweusi unaouzwa kwa lori mjini mara nyingi huchotwa mabondeni, na humo ndago hujificha. Uchunguze kabla haujashushwa: ingiza mkono, chota konzi kadhaa kutoka pande tofauti, na upepete kwa vidole. Ukikuta vijipunje vyeusi vigumu, vyenye ukubwa wa harage, vingine vimeunganishwa na uzi mwembamba wa mzizi, na ukivivunja ndani ni vyeupe na vina harufu kali kidogo, ukatae udongo huo hata kama bei ni nzuri. Maboksi yaliyotandazwa chini huzuia nyasi nyingi, lakini ncha ya ndago huyatoboa, na kupalilia kwa kukata majani kunaiacha mbegu yake chini ikiwa hai.

Samadi ya kuku, ikiwa mbichi, huunguza miche kwa amonia na chumvi. Iache ioze mpaka ipoe na isiwe tena na harufu ya banda. Maranda na vumbi la mbao vinafaa juu ya udongo kama matandazo, lakini visichanganywe ndani. Vijidudu vinavyoyaozesha maranda vinahitaji naitrojeni nyingi kuliko iliyomo kwenye mbao, kwa hiyo huichota ya udongo, na mchicha wako unabaki umedumaa na kuwa njano katikati ya kile ulichodhani ni mbolea. Maganda ya mpunga hayana adha kubwa kiasi hicho, na huulegeza vizuri udongo wa mfinyanzi.

Ukuta wa tuta sina mengi ya kuusemea. Mawe na matofali hudumu. Mbao huliwa na mchwa. Mashina ya migomba huoza ndani ya muda mfupi, nayo hayana ubaya kwa kuwa yanaoza kuwa chakula. Tuta linaweza kukaa bila ukuta wowote, kingo zikiwa zimelazwa na kushindiliwa kwa mgongo wa beleshi. Ninachokisisitiza ni sumu. Mataruma ya zamani ya reli na nguzo kuukuu za umeme zimenyweshwa dawa za kuzuia kuoza, nyingine zikiwa na arseniki, na hazifai kugusa udongo wa chakula. Marekani dawa ya mbao yenye arseniki iliondolewa kwenye matumizi mengi ya majumbani mwishoni mwa 2003. Vipande vya paa la asbesto, ambavyo mtu huviokota kwa kuona vimenyooka, viachwe vilipo.

Na mahali penyewe pakiwa na sumu je? Uwanja uliokuwa gereji, au ambapo betri za magari zilivunjwa, huwa na risasi inayokaa kwenye udongo miaka na miaka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa kando yao, na kiwanda kilipofungwa mwaka 2014 risasi haikuondoka nacho. Mahali kama hapo tuta huwa na kazi nyingine kabisa: kuitenga mboga na ardhi. Hapo, tofauti na nilivyoshauri mwanzo, usiifungue ardhi. Tandaza kitambaa kizito kinachopitisha maji, jaza udongo kutoka mahali unapopajua, na panda mboga za mizizi mifupi. Funika pia njia za pembeni kwa matandazo, kwa sababu vumbi linalorushwa na mvua au upepo hutua kwenye majani.

Sasa nizungumze na walioko Dodoma, Kitui na kwingine kukame. Kila sababu niliyoitaja ya kuinua tuta inageuka upande wa pili kwenu. Tuta lililoinuka hukauka upesi, kwa kuwa jua na upepo hulipiga juu na ubavuni. Tuta la ukubwa ule niliouhesabu, siku ya jua kali, hupoteza kama milimita 5 za maji, sawa na lita 18, karibu ndoo nzima kila siku kwa tuta moja. Mama anayenunua maji kwa dumu hawezi kuubeba mzigo huo. Kwenu lizamisheni: chimbeni, tieni mboji, na udongo ubaki chini ya usawa wa ardhi ili kila tone likimbilie mmea. Mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji kimoja cha Dodoma, yanafuata akili hiyo hiyo. Mtu wa pwani mwenye mchanga mtupu naye hana haja ya kuinua sana, kwa sababu maji hayatuami kwake. Fedha ya matofali bora aitie kwenye mboji.

Kwa mpangaji asiye na ua, gunia ni tuta lililosimama. Baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya za 2007 na 2008, shirika la Solidarités lilieneza bustani za magunia Kibera, katika vijia ambamo huwezi kuweka hata kitanda. Huku kokoto zina kazi yake halali. Toboa kopo kubwa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute kopo juu na urudie hadi gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe inayoyafikisha maji mpaka chini. Bila hiyo, sehemu ya juu huloa na ya chini hubaki kavu. Miche ya sukuma wiki hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni.

Kwenye tuta letu la mita 3, sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 45 zinaingia 21, mistari mitatu ya miche saba saba. Zikiwa bado changa, sia mchicha katikati yake, uung'oe baada ya wiki tatu au nne kabla haujazibana. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye udongo na si juu ya majani, na usikose matandazo.

Kila unapovuna mmea, tazama mizizi yake kabla ya kuutupa. Tuta dogo linalopandwa nyanya, bamia, mnavu na bilinganya kwa kupokezana ni karamu ya minyoo fundo, kwa kuwa mboga zote hizo inazila. Dalili yake ni vinundu, na vinundu si vya kuogopwa vyote. Vya kunde vimebandikwa ubavuni mwa mzizi: ukivisugua kwa kidole vinabanduka, na ukikipasua kimoja kilicho hai ndani ni chekundu au cha waridi. Hivyo ni nyumba za bakteria wanaotengeneza naitrojeni, viache udongoni. Vya minyoo fundo ni mzizi wenyewe uliovimba. Havibanduki bila mzizi kukatika. Ukiviona hivyo, ng'oa mizizi yote, ichome au iteketeze mbali na shimo la mboji, kisha lipumzishe tuta kwa marejea. Wabenedikto wa Peramiho waliieneza sana marejea Kusini mwa Tanzania kama mbolea ya kijani, na minyoo fundo haizaliani vizuri katika mizizi yake. Magharibi mwa Kenya majani yake machanga huliwa, ndiyo mitoo ya sokoni, kwa hiyo tuta likiwa mapumzikoni bado litakupa mboga. Ikikaribia kutoa maua ikate, ilaze juu ya udongo, ongeza ndoo tatu au nne za mboji kufidia kimo kilichoshuka, na usubiri wiki mbili tatu kabla ya kurudisha miche.