Utalii wa maji ya kasi: Kabla ya kununua boti, Korogwe na Handeni waitazame Jinja

NILIPOMWELEZA mzee mmoja wa Hale, wilayani Korogwe, kwamba kuna watu wanaolipa zaidi ya dola 100 za Kimarekani kwa siku moja ili wapande boti la mpira na kurushwarushwa na maji ya mto, aliniangalia kama ninamtania.

“Mwanangu, hapa kwetu mtu akitumbukia mtoni tunapiga kelele waje watu na kamba,” alisema. “Huyo anayelipia, ni mzima?”

Ni mzima, na wapo wengi. Biashara hiyo ilianza Jinja, Uganda, mwaka 1996 katika Mto Nile, mahali mto unapotoka Ziwa Victoria na kupita jirani na msitu wa mvua wa Mabira. Wateja wake wengi hawajawahi kushika kasia, na baadhi yao hata kuogelea hawajui. Hao wageni wasiojua kitu ndio wanaoiendesha biashara, maana mabingwa wa mchezo huu ni wachache na huja na vifaa vyao.

Naandika haya kwa sababu kila ninapokwenda nyumbani Mnyuzi swali ni lilelile. Kama wenzetu wamepata fedha kwenye Nile, kwa nini sisi wenye Mto Pangani na misitu ya Usambara tusipate? Wapo vijana waliokwishaanza kuuliza bei ya boti. Ushauri wangu kwao ni wasubiri kwanza, na sababu nitazieleza.

Mwaka 2023 nilikwenda Jinja kujionea mwenyewe. Asubuhi tulivalishwa kofia ngumu na jaketi la kuokolea maisha lililokazwa mpaka kupumua kukawa kwa taabu, kisha kila mtu akapewa kasia. Boti lenyewe ni mpira mnene uliojazwa upepo na hubeba watu saba au wanane. Nahodha hukaa nyuma na kutoa amri fupi fupi: piga mbele, piga nyuma, acha, inameni mshike kamba. Kabla ya kuondoka tulifanya mazoezi kwenye maji yaliyotulia, boti likapinduliwa kwa makusudi ili kila mmoja ajue atatokaje chini yake. Pembeni walikuwapo vijana wenye mitumbwi midogo ya plastiki ya mtu mmoja mmoja, kazi yao ikiwa ni kuwaokota watakaoanguka.

Maji ya kasi hupangwa kwa madaraja kuanzia la 1 hadi la 6. La 1 ni maji yanayotembea tu, la 3 lina mawimbi ya kumlowesha mtu na kumtia hofu kidogo, la 5 ni la wazoefu, na la 6 huhesabiwa kuwa halipitiki kibiashara. Mgeni huanzia la 2 au la 3. Jinja imebahatika kwa jambo moja, nalo ni kwamba mto ni mpana, una kina, na baada ya kila poromoko maji hutulia kama bwawa. Ukianguka, jaketi linakuinua, unapelekwa mpaka kwenye maji matulivu na hapo unaokotwa.

Mimi nilianguka kwenye poromoko la tatu. Tulikuwa tumefundishwa kulala chali, miguu ikitangulia mbele, na kutojaribu kusimama hata ukihisi maji ni mafupi, kwa kuwa mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakulaza kifudifudi. Nilikumbuka somo hilo baada ya kunywa maji ya kutosha. (Niliporudi nilikwenda kupima kichocho. Ziwa Victoria na Nile vina kichocho, na atakayeanzisha biashara ya aina hii popote kwenye mito yetu asimfiche mteja jambo hilo.)

Tukigeukia fedha, mkulima anayesikia dola 100 asidhani zinabaki kijijini. Sehemu kubwa inakwenda kwenye boti, magari, bima, matangazo na mishahara ya manahodha wazoefu. Kinachobaki kijijini ni kile ambacho kampuni haiwezi kukileta kutoka mbali kwa bei nafuu, yaani chakula kibichi, mahali pa kulala, na nguvu za watu. Pale Itanda, kwenye poromoko ambalo sehemu yake ni ya daraja la 6, wateja hushuka na kutembea kando ya mto, nayo maboti hubebwa mabegani. Anayebeba analipwa siku hiyohiyo, mkononi. Katikati ya safari tulipewa nanasi lililokatwa na biskuti. Nanasi hilo lilitoka kwenye shamba la mtu.

Hebu tufanye hesabu ndogo, na ieleweke kuwa ni ya mfano tu. Tuseme mto wetu unapata wageni 40 kwa siku, siku nne kwa wiki. Kila mmoja akila robo kuku, wanahitajika kuku 10 kwa siku, 40 kwa wiki. Nusu yao wakilala na kila mmoja akala mayai mawili asubuhi, ni mayai 40 kwa siku, 160 kwa wiki. Kwa kina mama watatu au wanne wenye mabanda ya kuku wa kienyeji, hilo ni soko la uhakika.

Sasa tazama machungwa, ambayo ndiyo kilio cha Handeni. Wageni hao hao wakila machungwa mawili kila mmoja, ni machungwa 320 kwa wiki, sawa na kilo 60 na kitu. Hayajazi hata nyuma ya pikapu, wakati msimu ukifika pale Michungwani na Segera machungwa yanapakiwa kwa Fuso. Mama mmoja anayeuzia abiria wa mabasi pale Segera aliponisikia nikipiga hesabu hiyo alicheka. “Kaka, hayo mimi nayamaliza kwa mabasi ya asubuhi tu,” alisema.

Alikuwa sahihi. Utalii wa mtoni hauwezi kuokoa zao linalotoka kwa wingi mara moja kwa mwaka. Unamfaa mfugaji wa kuku, mlima mboga, mwenye nyumba ya wageni iliyo safi na kijana mwenye mabega. Tena unamfaa yule anayeweza kuleta kuku 10 kila Ijumaa bila kukosa, siyo yule anayeleta 60 mwezi wa nane halafu Krismasi hana hata mmoja. Wakulima wetu wengi tumezoea kuuza tukivuna, na mpishi wa kambi ya wageni hanunui hivyo.

Lakini suala la kuku si gumu kama suala la maji yenyewe. Jinja iliposhamiri, wafanyabiashara walijenga kambi, baa na nyumba za wageni karibu na maporomoko ya Bujagali, kwa kuwa hapo ndipo safari ilipoanzia. Kisha likajengwa bwawa la umeme la Bujagali la megawati 250, lililokamilika mwaka 2012, na maporomoko yakazama. Kampuni zikahamisha mahali pa kuanzia, zikashuka chini ya bwawa. Katika makubaliano ya mwaka 2007 na Benki ya Dunia, iliyokuwa mmoja wa wafadhili wa mradi, serikali ya Uganda iliahidi kuyatunza maporomoko ya Kalagala yasijengwe umeme, kama fidia ya yale yaliyopotea. Hata hivyo, mwaka 2019 lilizinduliwa bwawa jingine chini zaidi, Isimba, la megawati 183, na maji yake yakameza sehemu nyingine ya safari.

Simlaumu Mganda kwa kutaka umeme, nasi tunautaka. Ninachosema ni kwamba aliyejenga nyumba ya vyumba sita kando ya Bujagali alijenga juu ya mto usiokuwa wake. Boti hupakiwa kwenye lori likahamia poromoko jingine. Nyumba ya tofali, banda la kuku na bustani ya mboga havihamishiki. Hasara ya mabadiliko ya mto humwangukia mtu mdogo aliyewekeza ardhini.

Kenya wana mfano ulio karibu zaidi na hali yetu. Sagana, kiasi cha kilomita 100 kutoka Nairobi, maboti hushuka sehemu za juu za Mto Tana. Sehemu moja ya mto inawafaa wanaoanza, nyingine chini yake ni ya daraja la 4 na la 5. Wateja wengi ni Wakenya wenyewe: wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi waliopelekwa na waajiri wao, vikundi vya makanisa. Hawategemei ndege ya kutoka Ulaya. Ila mto wao hupungua kiangazi, na mvua za masika na vuli ndizo zinazoamua ni sehemu ipi ipitwe na ipi iachwe.

Tuje sasa Pangani. Mto huu unakusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara. Mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia Nyumba ya Mungu, bwawa lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, na kutoka hapo maji yanashuka kwa kiasi kinachofunguliwa na binadamu. Mkomazi na Luengera huongezea kabla mto haujafika Hale. Njiani kuna mpunga, mboga, mkonge na miji.

Sehemu inayopita Korogwe mjini imetulia. Hapo boti la mpira litaelea tu kama gogo, na mamba na viboko wa mto huu si hadithi. Mto unapata mteremko kuanzia Hale. Lakini mteremko huo huo ndio uliowavuta wahandisi mapema. Mtambo wa kwanza wa Pangani ulianza miaka ya 1930, wa Hale wa megawati 21 ukafuata mwaka 1964, na ule mpya wa Pangani wa megawati 68 ukaanza kazi katikati ya miaka ya 1990. Pale Hale maji huchukuliwa juu ya maporomoko, hupitishwa chini ya ardhi hadi kwenye mitambo, na maporomoko yenyewe hubaki na kilichosalia. Mtu anayetaka kupitisha boti pale anaomba maji ambayo yamekwishapangiwa kazi.

Vijito vya msitu wa Usambara Mashariki, kama Sigi unaotoka Amani, vina maji safi na kivuli kizuri, ila ni vyembamba na vina mawe mengi. Mgeni asiyejua kitu akianguka kwenye mto mfupi wenye mawe yuko hatarini zaidi kuliko kwenye Nile yenye kina. Watu hutazama ukubwa wa mawimbi wakadhani ndiyo hatari yenyewe, kumbe jiwe lililojificha chini ya futi mbili za maji ni baya zaidi.

Na Handeni? Handeni inaingia kwenye hesabu hii kwa bomba. Mradi wa maji wa HTM huchukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapeleka Handeni, wilaya ambayo kina mama wake wametafuta maji ya ndoo kwa miaka mingi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inayatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha yale ya kuutunza mto wenyewe, halafu ndipo matumizi mengine kama kilimo, umeme na viwanda. Utalii upo huko nyuma kwenye foleni. Sioni ubaya wa mpangilio huo. Ila mwenye ndoto ya boti ajue kwamba mwaka wa ukame ataambiwa asubiri, na hatakuwa na hoja.

Kwa hiyo anayelitaka jambo hili kwa dhati aanzie Bodi ya Maji Bonde la Pangani, aulize maji yanafunguliwa lini na kwa kiasi gani, kabla ya kuingia dukani. Ahesabu pia leseni ya biashara ya utalii, bima, na mafunzo ya nahodha, ambayo hayapatikani kwa wiki mbili. Asipande chochote wala kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazouharibu mto. Boti liwe la mwisho kwenye orodha.

Kwa wengine, kina mama wa kuku na wenye vyumba vya kulala wageni, nashauri wasisubiri boti. Korogwe ina wasafiri wa barabara kuu, kuna wapanda milima wanaoelekea Lushoto, na anayezoea leo kuleta mayai 40 kila siku bila kukosa atakuwa tayari hata kama boti halitakuja kamwe.

Nilimrudia yule mzee wa Hale nikamuuliza kama kuna mtu anayeandika kina cha mto pale kwao. Alisema haandiki, ila kuna jiwe. Alinipeleka ukingoni akanionyesha, jeusi, limechomoza kama mgongo wa kiboko. Mwezi wa pili, alisema, mtu anaweza kukaa juu yake akavua samaki. Mwezi wa nne halionekani. Nilimpa daftari na kalamu, na tumekubaliana kwamba kila Jumapili mjukuu wake atashuka kulitazama na kuandika: limeonekana, limezama, au limefunikwa nusu.