Kabla Hujakandwa, Subiri Uulizwe

Chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, si mbali na kiwanda cha bia cha Bralirwa, hazikosi watu. Wenyeji huyaita maji hayo amashyuza, na wengi huenda huko kutafuta nafuu ya mgongo, magoti na uchovu. Vijana wa hapo huwakanda wageni kwa malipo. Mwenye pesa zaidi ataipata huduma hiyo katika hoteli za ufukweni mwa Ziwa Kivu, juu ya kitanda chenye shuka safi. Bei hazifanani, ila mambo ya kuzingatia ni yaleyale.

Mkandaji anayeijua kazi yake huanza kwa maswali. Unaumwa wapi, tangu lini? Umewahi kuvunjika? Una mimba? Unatumia dawa gani? Usione kama anakupekua. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwa mfano, huweza kuvilia damu chini ya ngozi kwa kukandwa kidogo tu. Usipoulizwa, sema mwenyewe. Kisha mkandaji hutoka nje uvue nguo kwa kadiri unavyoridhika, ujifunike shuka, naye afunue sehemu anayoikanda peke yake. Sehemu za siri haziguswi. Akizigusa, inuka, vaa nguo zako, uondoke. Na kulipa usilipe.

Wapo wanaoamini kwamba masaji isiyoliza haijafanya kazi. Hao wanajitesa bure. Mwili ukiumizwa hujikaza, na misuli iliyojikaza haikandiki. Mwambie apunguze nguvu. Maumivu madogo ya kesho yake ni ya kawaida, nayo huisha baada ya siku moja au mbili.

Nafuu yenyewe hutoka wapi? Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba hisia za mguso hushindana na hisia za maumivu ndani ya uti wa mgongo, kabla hazijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu akijigonga kiwiko hukisugua bila kufundishwa na yeyote. Masaji pia hutuliza mapigo ya moyo. Kwa maumivu ya mgongo husaidia, lakini mara nyingi kwa muda mfupi. Ama hadithi ya "kutoa sumu mwilini", hiyo ni biashara tu: kazi hiyo ni ya ini na figo.

Kinachonitisha zaidi ni mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma kwenye shavu, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji au kujifungua. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukikandwa, bonge hilo linaweza kung'oka likaenda hadi kwenye mapafu, na hapo mtu hufa. Mguu wa namna hiyo ni wa daktari. Mfupa unaodhaniwa umevunjika nao haukandwi, hata na mzee anayesifika kwa mikono yake. Mwenye homa, kidonda au upele wa kuambukiza asubiri apone.

Tena, maji moto yana hatari yake. Maji ya nyuzi joto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde tano. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni hatasikia kitu mpaka ngozi ivimbe malengelenge, kwa hiyo mtu mwingine ampimie joto la maji kwanza, na yapozwe.

Na kama mgongo unauma huku unahisi ganzi katikati ya mapaja, miguu inalegea au mkojo haujizuii, usiende Nyamyumba wala hotelini. Nenda hospitali siku hiyohiyo.