Orodha Kunjuzi: Jina la Kusomwa, Namba ya Kuhifadhiwa (Sehemu ya Tatu)

Katika toleo lililopita tuliishia kwenye visanduku vya kuandikia, tukaona jinsi jina moja linavyoingia kwenye hifadhidata kwa sura nyingi: Taita Taveta, Taita-Taveta, Taita/Taveta, T. Taveta. Makarani wanne, tahajia nne, na mwisho wa mwezi kompyuta inahesabu kaunti nne mahali palipo na moja. Dawa yake anaijua kila aliyewahi kujaza fomu kwenye kompyuta ya ofisini: kisanduku chenye mshale mdogo unaotazama chini. Ukiubofya, orodha inakunjuka, unachagua mstari mmoja, orodha inajikunja tena. Leo tuifungue orodha hiyo kunjuzi tuone ndani yake kuna nini. Wengi wanaoitengeneza huishia nusu ya njia, na hasara ya nusu iliyobaki humwangukia mwananchi asiyejua lolote kuhusu programu.

Tuchukue kaunti 47 za Kenya. Katiba ya 2010 imeziorodhesha kwa namba katika Jedwali la Kwanza, na namba hizo ndizo ofisi nyingi huzitumia kama misimbo: Mombasa 001, Kwale 002, Kilifi 003, Tana River 004, Lamu 005, mpaka Nairobi iliyofunga orodha kwa 047. Kwa hiyo kila mstari wa orodha una mambo mawili, jina na msimbo. Karani akichagua Lamu, yeye anasoma "Lamu". Kinachopaswa kwenda kuhifadhiwa ni 005. Hilo ndilo jambo ambalo ningependa msomaji wa makala haya alishike kabla ya mengine yote: orodha nzuri humwonyesha mtu kitu kimoja na kuipa hifadhidata kingine, na vitu hivyo viwili havichanganywi.

Sababu ni kwamba majina hubadilika. Mwaka 2018 Swaziland ilijiita Eswatini. Mifumo iliyokuwa imehifadhi jina lenyewe ilibaki na raia wa nchi mbili ambazo kwa kweli ni moja. Iliyokuwa imehifadhi msimbo wa kimataifa wa herufi mbili, SZ, haikuguswa, kwa sababu msimbo ulibaki vilevile. Kazi iliyohitajika ilikuwa kusahihisha jina mahali pamoja, na kila fomu ikaonyesha jipya.

Sasa orodha yenyewe inatoka wapi? Njia ya mkato ni kuiandika ndani ya programu, mstari baada ya mstari. Inafanya kazi siku ya kwanza. Lakini fikiria programu iliyotengenezwa Tanzania mwaka 2011 ikiwa na mikoa yote imeandikwa hivyo. Mwaka 2012 ikazaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 Songwe ikamegwa kutoka Mbeya. Kila mara ingebidi programu ifunguliwe, irekebishwe, itengenezwe upya, kisha ipelekwe na kusakinishwa kwenye kila kompyuta ya kila ofisi. Ofisi ambayo haikufikiwa ingeendelea kumwandikisha mtu wa Vwawa, mkoani Songwe, kuwa wa Mbeya, bila kosa la karani wala la mtu mwenyewe.

Ndiyo maana orodha huunganishwa na data badala ya kuandikwa. Misimbo na majina hukaa kwenye jedwali la hifadhidata, na kisanduku huambiwa mambo matatu tu: chanzo chako ni hiki, safu ya kuonyesha ni hii, safu ya kuhifadhi ni hii. Kwenye Windows Forms, nyenzo ya Microsoft ambayo bado inaendesha madirisha ya ofisi nyingi, mambo hayo matatu huitwa DataSource, DisplayMember na ValueMember. Kwenye WPF, nyenzo nyingine iliyotoka mwaka 2006, majina ni mengine lakini maagizo ni yaleyale. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko nyenzo hizi. Mnorwe Trygve Reenskaug, alipokuwa Xerox PARC kule California mwaka 1979, alipendekeza kwamba data itenganishwe na picha yake kwenye skrini, kila moja iwe na kazi yake. Orodha kunjuzi tunayoizungumzia ni mtoto wa wazo hilo.

Maagizo hayo matatu yana mpangilio wake. Tanguliza safu ya kuonyesha na safu ya kuhifadhi, chanzo kifuate. Chanzo kikitangulia, kisanduku hujijaza papo hapo kabla hakijajua safu ipi ni ipi, na sehemu yoyote ya programu iliyowekwa kusikiliza mabadiliko ya uchaguzi inaamshwa mapema, inaomba namba ya kaunti na kupewa mstari mzima wa jedwali. Safu ya kuonyesha ikisahaulika kabisa, karani anafungua orodha na kukuta mistari 47 iliyoandikwa kitu kimoja: System.Data.DataRowView. Hilo ni jina la aina ya kitu kilichomo, na kompyuta huliandika kwa kukosa la kuandika. Ukiliona, usihangaike na hifadhidata. Kaangalie tahajia ya safu ya kuonyesha.

Lingine la aina hiyo ni ugomvi wa maandishi na namba. Kwenye jedwali la kaunti msimbo umehifadhiwa kama maandishi, "005". Kwenye kumbukumbu ya mtu umehifadhiwa kama namba, 5. Binadamu anaona ni Lamu pande zote mbili. Kompyuta inatafuta 5 kwenye orodha, haiioni, na kisanduku kinabaki kitupu bila ujumbe wowote. Pande zote mbili ziwe za aina moja. Hakuna njia nyingine ya kuaminika.

Lakini makosa hayo angalau huonekana. Linalonitia hofu ni lile lisiloonekana. Kwenye Windows Forms, orodha ikishaunganishwa tu, mstari wa kwanza unajichagua wenyewe. Kaunti zikipangwa kwa namba, wa kwanza ni Mombasa. Zikipangwa kwa alfabeti, ni Baringo. Karani mwenye foleni ndefu mbele yake akikiruka kisanduku hicho, mama aliyetoka Wajir anaandikishwa kuwa mkazi wa Mombasa. Programu haitalalamika, maana 001 ni msimbo halali kabisa. Pengo lingeonekana kwenye ripoti na mtu angeuliza. Jibu la uongo lililovaa sura ya jibu la kweli haliulizwi na mtu. Kwa msingi wa hesabu kama hizo dawa hupangwa, walimu hupangwa, fedha hugawanywa. Kwa hiyo baada ya kuunganisha, ondoa uchaguzi kwa kuweka SelectedIndex kuwa -1, au weka juu ya orodha mstari unaosema "Chagua kaunti" usio na msimbo, na fomu ikatae kuhifadhiwa mpaka mtu achague. Mstari huo uongezwe kwenye chanzo, kwa kuwa kisanduku kilichounganishwa hakikubali kuongezewa kitu kwa mkono.

Kuna tabia nyingine ambayo imewachosha wanaprogramu wengi wachanga. Fomu ina visanduku viwili, kaunti ya kuzaliwa na kaunti ya makazi, na vyote vimeunganishwa na orodha ileile moja. Karani anachagua Kisii kwenye cha kwanza, cha pili nacho kinaruka Kisii. Anarekebisha cha pili kuwa Nakuru, cha kwanza kinakifuata. Si virusi, wala mashine haijaharibika. Dirisha hukumbuka "mstari tuliopo" kwa kila chanzo, si kwa kila kisanduku. Visanduku viwili vinavyonywa kwenye chanzo kimoja vinatembea pamoja. Kipe kila kimoja BindingSource yake, kitu kilichopatikana tangu mwaka 2005, na vitaachana.

Orodha zinazotegemeana nazo zinataka uangalifu. Ukichagua Mombasa, kisanduku cha maeneo bunge kinapaswa kuonyesha sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita. Ukibadili kuwa Lamu, yabaki mawili, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi. Kuchuja ni rahisi. Kinachosahaulika ni kufuta uchaguzi wa zamani, na hapo ndipo mtu anapoandikishwa kuwa wa Nyali, kaunti ya Lamu. Hifadhidata iliyojengwa vizuri ingekataa mchanganyiko huo, na inapaswa kukataa hata kama dirisha limesahau.

Kuhusu orodha inayobadilika programu ikiwa wazi, nitasema kwa kifupi. Orodha ya kawaida haitangazi inapoongezewa mstari, hivyo skrini haina habari. Ipo aina inayotangaza: BindingList kwenye Windows Forms, ObservableCollection kwenye WPF. Tumia hiyo pale ambapo data hubadilika mtumiaji akiwa anatazama. Kwa kaunti, ambazo hazibadiliki mchana kweupe, haihitajiki.

Limebaki la kufuta. Msimbo wa kimataifa wa Zaire ulikuwa ZR. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997, safari hii msimbo nao ulibadilika, ukawa CD. Mwanaprogramu nadhifu anaweza kuona ZR haina kazi tena na kuifuta kwenye jedwali la nchi. Siku karani atakapofungua kumbukumbu ya mtu aliyeandikishwa mwaka 1990, kisanduku cha nchi kitakuwa kitupu, na akibonyeza kitufe cha kuhifadhi baada ya kusahihisha namba ya simu tu, utupu huo unaweza kuandikwa juu ya taarifa ya asili. Mstari uliostaafu haufutwi. Huwekewa alama kwenye safu ya pembeni ya jedwali, kisha kwenye fomu mpya unafichwa, na kwenye kumbukumbu za zamani zinazouhitaji unaonyeshwa kama ulivyokuwa.

Itaendelea toleo lijalo: majedwali ndani ya dirisha, na namna ya kuweka orodha kunjuzi kwenye kila mstari wake.