Rangi Mbili, Raundi Moja

Wasee wakiskia kufuma, akili inaenda kwa baridi moja kwa moja. Limuru asubuhi, shosho na sweta ya mtoto, soksi za sufu. So ukiwaambia uko Darsait, hapa Muscat, mahali Juni jua inapita 40 na mawe za mlima zenye zinazunguka mtaa zinatema joto hadi usiku, na bado uko na sindano za kufuma mkononi, wanauliza unamfumia nani. Ni swali ya haki, lakini historia iko na jibu. Vipande za kufuma za zamani zaidi zenye ziko kwa makumbusho zilitoka Misri, kati ya karne ya 11 na ya 14. Zimefumwa kwa pamba, nyeupe na bluu ya nili, na zingine ziko na jina la Mwenyezi Mungu kwa herufi za Kikufi. Rangi mbili kwa raundi moja, msee! Hiyo kazi iliiva kwa nchi ya jua karne kadhaa kabla kisiwa ya Fair Isle, huko juu ya Scotland, ipate jina dunia nzima. Fair Isle ililipuka 1922, Prince of Wales alipotokea kwa uwanja ya gofu ya St Andrews akiwa amevaa sweta ya huko. Heshima kwao. Lakini pamba ilitangulia.

Hiyo ndio ilinisukuma nijifunze hii mtindo hapa hapa, kwa joto, kwa pamba, na kwa kakitu kadogo: kakoti ka kikombe cha karak, ile chai ya maziwa ya huku.

Kama umesomea Kenya, rangi kwa kufuma unaijua tayari. Cheki ile sweta ya shule, mistari shingoni na mkononi, yenye mathe fulani alikuwa anafuma na mashine kwa kibanda sokoni. Mistari ni rahisi: raundi hii yote kijani, zenye zinafuata zote njano. Uzi moja inafanya kazi, ingine imepumzika. Kenye naongelea hapa ni ngazi ingine. Nyuzi zote mbili ziko kazini kwa raundi moja, vitanzi tatu nyeupe, moja bluu, na ile uzi haijaitwa inapita nyuma ya kitambaa ikingoja zamu. Mbele mchoro inatokea, nyuma nyuzi zinavuka. Kitambaa inakuwa nene karibu mara mbili, na hiyo unene ndio karak inataka, juu kile kikombe cha karatasi huchomanga vidole kabla ufike kona.

Darsait iko kati ya Ruwi na Mutrah, karibu na bahari, na kama hujaishi hapa unaweza dhani ni mtaa ya Wahindi pekee. Kuna hekalu ya Krishna, kuna Indian Social Club, kuna Indian School, na ile supermarket kubwa ya Lulu yenye kila msee anajua. Lakini simama kwa foleni ya Lulu Ijumaa, masikio wazi, utaskia Kiswahili. Kuna sisi wa juzi, Wakenya, Waganda, Wabongo, wenye tumekuja kutafuta ganji: walinzi, watu wa hoteli, masista wa kazi za nyumba. Halafu kuna wenye walitutangulia kitambo, familia za Kiomani zenye mizizi Unguja na Pemba. Wengi walitoka baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na wengi wakafika huku baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani wa nje warudi. Hao wazee wanaongea Kiunguja imenyooka, tamu, hadi unajipata umenyoosha maneno yako bila kuambiwa.

Jirani yetu ni mmoja wao. Namwita Bibi, ananiita mwanangu, na hakuna kitu inaanza kabla ya shikamoo. Zamani alikuwa anashona kofia kwa mkono, zile Waomani wanaita kumma, zenye mzae anavaa na kanzu na asipovaa anaonekana ka hajamaliza kuvaa. Saa hii kwa soko ya Mutrah zimepangwa kwa marundo, nyingi ni za mashine. Ya mkono unaijua ukiiguza. Ni kitambaa ya pamba mbili zimelalishwa pamoja, mchoro umechorwa juu, halafu kila katundu kanatobolewa na kuzungushiwa uzi, kamoja kamoja, mamia, hadi kofia nzima inapumua. Inachukua wiki nyingi. Chukua kofia ya vito ya Lamu na kumma ya mkono ya hapa, ziweke kwa meza moja, utaona ni damu moja. Hata Ngazija wako nayo. Huko Lamu wazee wa kiume wenyewe hushona, wamekaa barazani wakipiga stori.

Nilimwambia Bibi nataka kujifunza kufuma mchoro wa rangi na nafikiria kuanza na mboshori nzima. Akakataa, kwa upole lakini akakataa.

"Sisi tulipewa kipande cha kitambaa kibovu, mwanangu, tukatoboa matundu tu. Kofia hatukuigusa mpaka matundu yalingane. Ukiishika kofia kabla ya mkono kutulia, utaiharibu kofia na utaichukia kazi."

Hiyo maneno ya mwisho naiamini kabisa. Nimeona mabeshte wakinunua uzi ya sweta nzima, wakaanza na mgongo, na ikaishia kwa mfuko chini ya kitanda. Kakitu kadogo kanakupea ruhusa ya kurudia. Ukimaliza, mkono umeshajua kitu, na uzi bado iko.

Akanitolea kofia ya marehemu mzee wake niangalie mchoro. Nikaipeleka kwa dirisha. Ilikuwa almasi ndogo ndogo, bluu imefifia, kila almasi na tundu katikati, na kati ya almasi moja na ingine kuna nukta. Nilikaa na hiyo nukta muda mrefu. Kwa kofia inajaza nafasi ndio macho isipotee. Kwa kufuma inafanya kazi ingine kubwa zaidi: bila hiyo nukta, uzi ya bluu ingelazimika kuvuka vitanzi saba nyeupe huko nyuma, na uzi ikivuka mbali hivyo inalegea, inashika kidole, inavuta mchoro. Nukta inakata hiyo safari nusu.

Nikachukua daftari ya hesabu ya miraba, penseli, nikachora. Kila mraba ni kitanzi moja, unasoma kuanzia chini, kulia kuelekea kushoto. Mchoro ni vitanzi nane, raundi saba. Raundi ya kwanza: nyeupe 3, bluu 1, nyeupe 3, bluu 1. Ya pili: nyeupe 2, bluu 3, nyeupe 3. Ya tatu: nyeupe 1, bluu 5, nyeupe 2. Ya nne ndio iko na tundu: bluu 3, nyeupe 1, bluu 3, nyeupe 1. Halafu unateremka venye ulipanda: ya tano ni ka ya tatu, ya sita ka ya pili, ya saba ka ya kwanza. Hakuna mahali uzi inavuka zaidi ya vitanzi tano. Rudia mara tano, ni vitanzi 40, na kwa sindano ya mviringo ya milimita 3.5 na pamba ya unene wa kati hiyo inazunguka kikombe cha karak fiti. Chini na juu weka raundi tatu za mbavu, mbili mbele mbili nyuma, ndio ishike kikombe isiteleze. Kati ya mbavu na mchoro, raundi moja ya nyeupe tupu.

Sasa mikono. Hapa ndio utamu iko. Bluu inakaa mkono wa kushoto, nyeupe kulia, kila uzi imepita kati ya vidole ka noti za makanga wa nganya ya Rongai, zimepangwa, hazigongani. Kushoto unadaka uzi na ncha ya sindano, kulia unaizungusha. Mwanzo kila mkono unataka kufanya ya mwenzake. Baadaye kuna saa inafika, huwezi sema ni gani, unaskia mdundo: tatu, moja, tatu, moja. Kutoka hapo daftari unaiangalia tu mwanzo wa raundi.

Na usibadilishe mikono katikati ya kazi. Uzi yenye inatoka chini ya mwenzake inafanya vitanzi kubwa kidogo, na hiyo ndio macho inaona kwanza. Ukishika bluu kushoto, inapita chini, almasi inawaka. Ukibadilisha raundi ingine, almasi inazama ndani ya nyeupe na huelewi ni nini imetokea, juu hesabu iko sawa. Hii kitu haionekani kwa daftari. Unaiona kwa kitambaa pekee, na ndio maana nasema kakipande kadogo kanafunza kuliko maelezo yoyote, hata haya yangu.

Shida ingine ni mvuto. Ukibadilisha rangi, mkono unataka kukaza, na ukikaza, kitambaa inajikunja na kikombe hakiingii. Dawa ni kabla ya kubadilisha, panua vile vitanzi umemaliza kwa sindano ya kulia, vilale wazi, halafu ndio uvute uzi mpya. Kwa mzunguko mdogo ka huu kuna ujanja ingine safi sana: geuza kazi ndani nje. Unafuma ukiangalia ndani, nyuzi zinavuka upande wa nje, kona za sindano haziwezi kuzibana juu sasa ndio ziko na njia ndefu.

Pamba iko na tabia yake, na wale wamefundishwa na watu wa sufu hawakuambii. Sufu iko na manyoya, nyuzi zinashikana nyuma zenyewe, zinasamehe. Pamba inateleza, hainyumbuki. So ile sheria ya wengi, ya kubana uzi ya nyuma ukivuka zaidi ya vitanzi tano, mimi kwa pamba naileta chini, nabana ikifika nne. Unapitisha tu uzi ya kazi juu ya ile inavuka, mara moja, unaendelea. Nyuma inakuwa safi, hakuna kidole itanaswa.

Rangi nazo, usichague kwa macho pekee. Nilikuwa na nyuzi kutoka Ruwi, bluu ya nili, nyeupe, na nyekundu moja hivi ya kuwaka yenye nilipenda sana. Weka nyuzi pamoja, piga picha na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Bluu na nyeupe zinaachana ka usiku na mchana. Ile nyekundu na bluu zinakuwa kijivu moja, huwezi tenganisha. Ziko poa zikiwa mbali, lakini kwa mchoro mmoja hakuna msee ataona almasi. Halafu lowesha kauzi kadogo ka ile rangi kali, kabane kwa tishu nyeupe. Ikiacha alama, itaacha kwa kazi yako pia, so ioshe pekee kwanza hadi maji itoke safi.

Nilipomaliza nikapelekea Bibi kabla ya kukaosha. Hakuangalia mbele. Aliingiza vidole viwili ndani, akapanua, akaangalia venye nyuzi za nyuma zinanyooka, akaachilia, akaangalia venye zinarudi. Halafu ndio akakageuza, akaweka kidole gumba juu ya katundu keupe katikati ya almasi.

"Hili umelipata," akasema. "La tatu na la nne, bado mkono ulikuwa na haraka."

Akaniwekea karak.

Kuosha ni muhimu kuliko watu wanadhani. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, usikamue, ikunje ndani ya taulo ukandamize, halafu ilaze bapa uivute ikae umbo. Vitanzi vyenye vilikuwa vimepinda vinajipanga vyenyewe. Huko Nairobi pamba hukaa siku nzima na unyevu. Hapa ukiweka kwa baraza mchana, kabla ya alasiri imekauka. Usiiache jua kali tu, bluu itachapa mapema.

Kwa daftari sai kuna kazi ingine. Ni mboshori ya pamba, vitanzi 112, almasi 14 kuzunguka, na juu ya almasi mstari wa mkeka wa ukili venye wanasuka Pemba, yenye mchoro wake tayari uko ka miraba. Ni ya broo yangu, yuko Umoja, na Julai huko baridi inakata. Bibi ameweka sharti mbili: juu ifungwe bapa na duara ka kofia, isiishie na ncha, na kabla nianze nimletee kipande kingine kidogo, raundi saba tu, matundu yote yakiwa sawa.