Kisima chenye harufu ya petroli: maji hupimwa vipi?



Wengi wetu visiwani tuna ndugu Dar es Salaam, Mbagala na Tandika au kule Tegeta na Bunju, na wengi wao wamechimba kisima uani. Mtu akenda kuwatembelea, akafungua bomba na kusikia kiharufu cha mafuta, swali la mwanzo huwa: nitie udhu? La pili aghlabu husahauliwa: watoto wanywe?

Hayo ni maswali mawili. Katika twahara tunatazama rangi, ladha na harufu ya maji. Petroli haimo katika najisi zinazotajwa na vitabu vya fiqhi, na Mashafii hupambanua kati ya kitu kilichochanganyika na maji hadi yakabadilika, na kilichokaa nayo tu kama mafuta yanayoelea. Hukumu ya kisima chako muulize sheikh wako. Ila maji yanaweza kufaa kwa udhu yasifae kunywewa, na hapo pua si shahidi wa kutosha.

Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzeni, ambayo husababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) katika maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Tone moja la benzeni tupu latosha kulifikisha simtanki la lita 4,000 kwenye kikomo hicho. Na pua huanza kuinusa benzeni ndani ya maji inapofika karibu miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 zaidi. Harufu tunayoisikia mapema ni ya viungo vyengine vya petroli.

Upande wa Kurasini na Kigamboni yapo maghala makubwa ya mafuta. Kiwanda cha TIPER kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1966 leo ni ghala, na bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 kwenda Ndola, Zambia, huanzia huko. Lakini usikimbilie kuwatuhumu wakubwa. Kisima cha nyumbani chaweza kuharibiwa na tangi la sheli lililozikwa likala kutu, gereji inayomwaga dizeli mchangani, au jenereta la pampu lililowekwa mdomoni mwa kisima hicho hicho. Mchanga hauzuii, petroli hushuka hadi kwenye maji, ikaelea na kusogea nayo. Kwetu Unguja, penye mawe ya matumbawe yenye nyufa, maji huweza kusafiri haraka zaidi.

Sasa kipimo. Cheti cha "maji salama" mara nyingi huhusu vijidudu, chumvi na naitreti. Hakisemi lolote juu ya mafuta. Iambie maabara wazi kwamba unataka benzeni na jamaa zake (tolueni, ethilibenzeni, zaileni) pamoja na jumla ya mafuta ya petroli. Dar ipo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Zanzibar nako kuna maabara ya Mkemia Mkuu. Uliza kwanza kama wanapima hayo, na chupa wakupe wao.

Usipeleke maji kwenye chupa ya soda wala dumu. Benzeni huruka upesi, kwa hiyo hutumika kichupa cha kioo kinachojazwa pomoni kisibaki hata povu la hewa, kikafungwa na kuwekwa kwenye barafu. Chota kisimani, si kwenye tangi la juu ya nyumba, baada ya kupampu kwa muda. Jenereta liwe mbali, na anayechota asiwe ametoka kushika mafuta. Udongo nao huchukuliwa chini, kwani wa juu jua limeshaukausha mafuta yake. Rudia masika na kiangazi, maana maji yakipanda na kushuka kisimani, majibu hubadilika.

Mkisubiri majibu, tafuteni maji ya kunywa na kupikia pengine. Dawa ya klorini haiondoi petroli. Kuchemsha jikoni huitoa majini ikaingia vifuani, na vivyo hivyo kuoga maji ya moto katika choo kisicho na dirisha.