Je, Wajua? Bendera Mpya, Vifungu vya Zamani

Je, wajua kwamba Botswana na Lesotho zilipishana siku nne tu kupata uhuru? Botswana ilishusha bendera ya Uingereza tarehe 30 Septemba 1966, Lesotho ikafuata tarehe 4 Oktoba. Mkoloni yuleyule, bunge la mtindo uleule. Mwaka 1970 Lesotho ilipiga kura, hesabu zikaanza kumwendea kombo Waziri Mkuu Leabua Jonathan, naye akaisimamisha katiba. Kule Botswana, chama kilichotawala tangu uhuru kiliangushwa kwenye sanduku la kura mwaka 2024, baada ya miaka 58, na Rais Mokgweetsi Masisi akakubali kushindwa kabla hesabu haijakamilika. Kwa hiyo mtu akikuambia, “hawa walitawaliwa na Mwingereza, wale na Mfaransa,” akadhani ameshaeleza kila kitu, mwulize kuhusu majirani hawa wawili.

Botswana hiyohiyo ilitawaliwa kutoka nje ya mipaka yake. Ofisi kuu za serikali ya kikoloni zilikuwa Mafikeng, mji ulio Afrika Kusini. Gaborone ilijengwa mbiombio uhuru ulipokaribia.

Na habari za Lesotho hazijaisha. Mwaka 1998 chama kimoja kilizoa viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Ndivyo ulivyo mfumo wa Kiingereza wa anayeongoza jimboni kuchukua chote. Walioachwa na kiti kimoja waliingia barabarani, Maseru ikaungua, na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Mwaka 2002 nchi ilipiga kura kwa hesabu mpya: viti 80 vya majimbo, na vingine 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa.

Je, wajua kwamba Gambia hupiga kura kwa gololi? Mpigakura hupewa gololi moja, huingia faraghani na kuitumbukiza katika pipa la chuma lenye rangi na picha ya mgombea wake. Ndani mna kengele. Ikilia mara moja, msimamizi anajua kura imepigwa. Ikilia tena, kuna mtu anajaribu ujanja. Chini humwagwa mchanga au unga wa mbao ili gololi zisigongane na kuleta utata. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1960, ukiwalenga wasiojua kusoma, na bado ulikuwa ukitumika katika uchaguzi wa urais wa 2021. Wataalamu wa mitambo ya kupigia kura ya mamilioni ya dola wangefanya vyema kwenda kuitazama hiyo kengele.

Kwa wasiojua kusoma, Tanzania nayo ilikuwa na dawa yake. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, majimbo mengi yalipewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Usidhani ilikuwa maigizo: Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikosa kiti chake.

Je, wajua kwamba rais na waziri mkuu wa Kongo waliwahi kufukuzana kazi siku moja, kupitia redio ileile? Hapa pana haja ya kutulia kidogo. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa na katiba ya muda iliyopitishwa na Bunge la Ubelgiji mwezi Mei mwaka huo. Walioiandika waliangalia katiba ya kwao. Kule, mfalme ndiye huteua na kufuta mawaziri, lakini kwa maandishi tu. Desturi ya miaka mingi inamzuia kufanya hivyo kwa utashi wake. Kifungu kikahamishiwa Léopoldville, neno “mfalme” likawa “mkuu wa nchi”, desturi ikabaki Brussels. Tarehe 5 Septemba, Rais Joseph Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Usiku uleule Lumumba naye akasema redioni kwamba aliyeondolewa ni Kasa-Vubu. Bunge lilisimama na Lumumba, Kasa-Vubu akashikilia kifungu chake. Siku tisa baadaye Kanali Joseph Mobutu akatangaza kuwaweka wote wawili kando. Sababu za mgogoro zilikuwa nyingi, kuanzia kujitenga kwa jimbo la Katanga hadi mashindano ya mataifa makubwa, lakini mlango uliotumika uliachwa wazi na waandishi wa katiba.

Félix Houphouët-Boigny, kabla ya kuwa rais wa Côte d’Ivoire, alikuwa waziri katika serikali ya Ufaransa, hata chini ya de Gaulle. Guinea ya Sékou Touré ndiyo pekee kati ya makoloni ya Ufaransa barani Afrika iliyosema “hapana” katika kura ya maoni ya 1958 kuhusu katiba mpya ya de Gaulle. Ikapata uhuru tarehe 2 Oktoba, na Wafaransa wakaondoka na watumishi wao.

Je, wajua theluthi mbili ya 19 ni ngapi? Mwaka 1979 swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Nigeria. Sheria ilimtaka rais apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo, asije mtu akashinda kwa kura za kwao tu. Majimbo yalikuwa 19. Theluthi mbili ni 12 na vipande. Shehu Shagari alikuwa amefikisha robo katika majimbo 12. La kumi na tatu, Kano, alipata takriban asilimia 20. Wakili wake, Richard Akinjide, akajenga hoja kwamba jimbo halihitajiki zima: chukua theluthi mbili za kura za Kano, kisha utafute robo yake. Ukilipiga hivyo, asilimia 17 inatosha. Mahakama ikakubali, Jaji Kayode Eso akapinga, mpinzani aliyefungua kesi, Obafemi Awolowo, akarudi nyumbani, na Shagari akaapishwa tarehe 1 Oktoba. Nami nasimama na Eso: ukilikata jimbo, zikate na kura alizopata mgombea ndani yake. Leo Nigeria ina majimbo 36, na theluthi mbili yake ni 24 kamili.

Kenya nayo, kwa njia nyingine, imefika kwenye 24. Mshindi wa urais lazima apate asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Zamani sharti lilikuwa mikoa mitano kati ya minane, bila kudai nusu ya kura zote. Ndiyo maana mwaka 1992 Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36, wapinzani wakiwa wamegawana zilizobaki. Sharti la kuvuka nusu ya kura lilikuja na katiba ya 2010. Katiba hiyo pia iliirudisha Seneti, iliyokuwa imefutwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya kuundwa.

Katiba ya uhuru ya Tanganyika haikuwa na orodha ya haki za binadamu; za Kenya na Uganda zilikuwa nayo. Kwa Tanzania orodha hiyo iliingia mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuitumia 1988. Kabla ya hapo ilikuja sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, mwaka 1962. Ghana ilikwisha kuitunga yake mwaka 1958. J. B. Danquah, aliyepigania nchi ipewe jina la Ghana, alikamatwa chini ya sheria hiyo, akafia gereza la Nsawam mwaka 1965.

Malaysia ina mfalme wa zamu: watawala tisa wa jadi hupokezana kiti kila miaka mitano. Lebanon, iliyotawaliwa na Ufaransa, humpa Mkristo wa Maroni urais, Msunni uwaziri mkuu na Mshia uspika, na sensa yake ya mwisho ni ya 1932.

Je, wajua kwamba Mauritius, nchi huru tangu 1968 na jamhuri tangu 1992, bado hupeleka rufaa zake za mwisho London, kwa majaji wa Baraza la Faragha la Uingereza? Jamaica hufanya vivyo hivyo. Barbados ilianza na rufaa: mwaka 2005 iliziondoa huko na kuzipeleka Mahakama ya Karibiani, yenye makao Port of Spain, na mwaka 2021 ikamwondoa na malkia wa Uingereza kwenye ukuu wa nchi.